Njahi Ndani ya Mercedes ya Mzee Harrison

Nimefungua injini nyingi maishani mwangu. Nimekuta panya, nimekuta nyuki, siku moja nikakuta meno ya bandia.

Lakini njahi, yale maharagwe ya huku kwetu, ndani ya silinda? Hiyo ilikuwa mpya.

Silinda zilikuwa sita, na zote sita zilikuwa na njahi. Kavu, nyeusi, na ule mstari wake mweupe pembeni. Nyingine zilikuwa zimeshikana na kutu.

"Ni panya hao," akasema Steve, fundi mwenzangu.

"Panya gani anafungua plagi, anaweka njahi, halafu anafunga plagi tena na spana?"

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Nikazitia kwenye chupa ya jemu, nikaiweka kwenye rafu ya mbele ili kila mteja aone. Wengi walipiga picha.

Kicheko hicho kinaniuma mpaka leo. Wacha niwaeleze.

Naitwa Mbuvi. Mimi ni Mkamba, lakini nimekulia Kiganjo kwa sababu baba yangu alikuwa polisi. Gereji yangu iko Ruring'u, mjini Nyeri, na kazi yangu ni kufufua magari ya zamani, yale ya wenye nazo. Mke wangu husema niko na maringo ya magari yasiyo yangu, na hajakosea.

Januari akaja jamaa anaitwa Moffat, mwalimu wa sekondari.

"Fundi, kwetu Mweiga kuna Mercedes ya marehemu baba yangu. Imelala nyuma ya stoo ya viazi tangu nikiwa mtoto. Kuku wanataga ndani."

"Ya mwaka gani?"

"Sitini na moja. Ile iko na mapezi huku nyuma."

Sikulala siku hiyo.

Tulienda na lori la kuvuta. Mama yake Moffat, Watiri, ana miaka sabini na saba na macho makali. Mimi nilimwita Shosho, yaani nyanya. Alipoona tunafunga mnyororo kwenye bampa, alitabasamu, akatuletea chai na mukimo wa viazi, na akasimama pale mpaka gari likatoka getini.

Moffat alikuwa amemwambia tunaondoa takataka.

"Nataka iwe surprise," akaninong'oneza. "Usimwambie kitu yoyote."

Nikaona ni jambo zuri sana. Mtoto gani siku hizi anamfikiria mama yake hivyo?

Kazi ilikuwa ngumu. Pistoni zilikuwa zimeshika, nikazilowesha kwa dizeli na oili wiki tatu kabla ya hata moja kusogea. Kabureta mbili nilizisawazisha kwa sikio, ncha moja ya bomba la mpira sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta, mpaka zote zikavuta hewa sawa.

Viti vilikuwa vya ngozi nyekundu. Nilipotoa kinyesi cha kuku nilishangaa, maana ile ngozi haikuwa na doa hata moja. Mzee Harrison alikuwa ameitunza vizuri ajabu. Nikamwambia Steve hapa hatubadilishi kitu, original ni original.

Mara tatu nilirudi Mweiga kutafuta vifaa vilivyobaki kwenye stoo. Mara zote tatu Shosho alinipa chai. Ulimi uliniwasha nimuulize habari ya zile njahi, lakini nikakumbuka surprise, nikanyamaza.

Mwezi wa tano mambo yakabadilika.

Shosho ana sukari. Akapata kidonda kwenye kidole cha mguu, kikakataa kupona, kikaanza kupanda. Daktari aliyekuja nyumbani alisema wazi kwamba akifika hospitali mwezi huo, mguu ungekatwa kidogo tu na yeye angepona. Akichelewa, basi.

Shosho akakataa. Gari la Moffat alikataa kupanda. Ambulensi ilikuja ikarudi tupu. Moffat akaniambia tangu azaliwe hajawahi kumwona mama yake akikanyaga hospitali, hata ya kumtembelea mgonjwa.

Akaja gereji macho yamemwiva.

"Mbuvi, nakuomba, maliza hiyo gari. Ya Baba hawezi kataa. Baba alikuwa anaipenda zaidi ya kitu yoyote. Mami akiiona atapanda, najua."

Nami nikaamini. Siku tisa sikufanya kazi nyingine yoyote. Siku ya tisa nikazungusha ufunguo, ikanguruma, na mimi na Moffat tukakumbatiana kama watoto.

Jumamosi asubuhi tukashika barabara ya Mweiga. Watu walisimama kutuangalia. Sitawadanganya, nilijisikia mtu mkubwa.

Shosho alikuwa nje, mguu umefungwa kitambaa, ameuweka juu ya stuli. Aliposikia ule mlio, alisimama. Kwa mguu huo huo.

"Nani amefufua hiyo kitu?"

Moffat akafungua mlango wa nyuma, anacheka, machozi yanamtoka. "Mami, ni ya Baba! Kuja tukupeleke Nyeri. Ni hospitali tu, tunarudi leo leo."

Shosho hakumwangalia. Aliangalia kile kiti chekundu, muda mrefu.

"Hiyo kiti," akasema, "baba yako alisema damu itaiharibu."

Moffat akaachilia mlango.

"Mwaka wa sabini na tisa. Wewe ulikuwa na miaka tatu. Uchungu ilinishika asubuhi, na damu ilikuwa mingi. Harrison alikuwa na kifunguo kwa mkono. Akaniangalia, akaangalia kiti. Akasema wacha atafute gari ya jirani. Jirani hakuwa nyumbani."

"Mami..."

"Nilipelekwa na mkokoteni ya viazi. Mtoto alitoka kwa barabara. Msichana. Hakulia. Hospitali walimfunga kwa kitambaa wakanipatia, wakasema nirudi nyumbani. Niliporudi nikapata mama mkwe ameniwekea debe ya njahi."

Huku kwetu mama akijifungua hupikiwa njahi, apate nguvu na maziwa yaje. Hata mimi Mkamba najua.

"Nikajiuliza, maziwa ya nani? Na baba yako kila Jumapili alikuwa anatoa plagi anasafisha, mimi namshikia spana. Nilikuwa najua zinatolewa aje."

 Nikakumbuka ile chupa ya jemu kwenye rafu yangu, na wateja wakicheka.

Moffat akapiga magoti kwenye matope. "Sikujua, Mami. Naapa sikujua. Panda yangu basi. Tuitishe hata pikapu."

"Hospitali nilienda mara moja. Inatosha."

Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe fundi. Umekunywa chai yangu mara ngapi?"

"Mara nne, Shosho."

"Mara nne. Nilidhani mnaenda kuikata, nikafurahi. Mbona hukuniuliza?"

 Ndugu zangu, mimi najua kuweka sawa kitu chochote chenye bolti, lakini pale nilisimama kama mti. Nilitamani kuirudisha ile kutu yote kwa mikono yangu.

"Iondoe," akasema. Nikaiondoa.

Tulijaribu kila njia. Pasta alikuja. Daktari alirudi mara mbili. Moffat alilala kando ya kitanda chake akimbembeleza. Mimi nilienda nikakaa nje, mikono mapajani.

Baada ya wiki tano Shosho akatuacha.

Siku ya mazishi, asubuhi, Moffat akanipigia. 

"Baba mdogo anakuja kuchukua gari. Anasema itangulie mbele, ibebe msalaba na picha. Sijamwambia mtu yale Mami alisema. Siwezi, Mbuvi. Siwezi."

Akakata.

Nikafungua distribyuta, nikatoa rota, kile kipande kinachogawia plagi moto, nikaitia mfukoni.

Baba mdogo akafika na suti yake nyeusi.

"Haiwaki, mzee," nikamwambia.

"Ati haiwaki? Si juzi ilifika Mweiga?"

"Ilifika. Sasa imekataa."

Akaninyang'anya ufunguo, akazungusha mpaka betri ikachoka. Akatoka amevimba. "Miezi mitano! Fundi bure kabisa! Kitu ya heshima ya ndugu yangu, na unatuaibisha mbele ya watu!"

Nikainamisha kichwa. Steve alifungua mdomo anitetee, nikamkanyaga mguu.

Mazishini Baba mdogo alimwambia kila aliyemsalimia kwamba mimi ni fundi bure. Nilisikia watu wakinicheka nyuma yangu. Tangu hapo wateja watatu wamekuja kuondoa magari yao, na sijamweleza hata mmoja. Moffat alinishika mkono kaburini, akaushikilia.

Funzo ni hili. Kitu cha mtu kikiwa kimesimama miaka mingi, usikimbilie kukifufua ili umfurahishe. Muulize kwanza. Aibu ya kuuliza huisha siku hiyo hiyo. Shosho Watiri alikwenda kaburini kwa pikapu ya jirani, na jirani hakuuliza kama itachafuka.