Siku Niliyomvulia Shamavu Jezi

Nakumbuka Jumapili moja baada ya misa, mwanangu, nilipokuwa kapiteni wa timu ya shule ya misioni hapa Masisi, wakati wa Wabelgiji. Usicheke. Goti hili linalogoma kupanda ngazi lilishangiliwa zamani.

Kwanza ujue tulivyojifunza mpira. Sisi watoto wa Kingi, kijiji chetu cha mlimani, tulichezea kwenye mteremko, juu ya mashamba ya maharagwe. Mpira wetu wa majani ya mgomba ukitoroka, ulishuka mpaka mtoni, na sheria ilikuwa moja: aliyeupiga ndiye anayeushukia, hata awe mkubwa kiasi gani. Kwa hiyo tulijifunza kuuweka karibu na miguu. Na hakuna aliyeuweka karibu kama Shamavu, mwenzangu wa darasa, mfupi, mkimya, miguu ya kupinda. Ungedhani ameufunga kwa kamba.

Lakini shuleni nilikuta uwanja uliosawazishwa, nikafundishwa kupiga mashuti marefu. Nikaanza kuuonea haya mpira wetu wa kilimani.

Jumapili hiyo wanafunzi wa Bweremana walipanda kucheza nasi, na bwana mmoja wa timu kubwa ya Bukavu alikuja kuchagua kijana mmoja tu wa kwenda naye. Nilitaka awe mimi. Jezi zilikuwa kumi na moja, na kapiteni ndiye aliyezigawa. Shamavu sikumpa. Niliwaambia wenzangu kwamba anacheza kishamba. Ukweli ni kwamba nilimwogopa.

Kipindi cha kwanza tukafungwa mawili. Mashuti yangu marefu yote yaliwaangukia wageni. Wakati wa mapumziko mama yangu, aliyekuwa amekaa pembeni na kitunga chake, akaingia uwanjani mbele ya mapadri na yule bwana wa Bukavu.

"Shamavu iko wapi?" akaniuliza.

"Iko pale, mama. Anachezaka kama mutu wa ku mulima."

"Na weye ulizaliwa wapi, ku Ulaya? Ule mutoto njo anawashindaka wote, hata weye, na unajua. Uko na haya ya kwetu, ao uko na wivu? Niambie!"

Nikavua jezi yangu, nikamvalisha Shamavu kwa mikono yangu mwenyewe, watu wote wakitazama.

"Kamata, kaka," nikamwambia. "Cheza vile tunachezaka kwetu."

Nikaketi karibu na kitunga cha mama, kifua wazi, nikilia.

Laiti ungemwona! Wale wa Bweremana walizoea mchanga wa kando ya ziwa, si mpira unaoganda miguuni. Wakimrukia, wanakuta yeye na mpira wameshapita. Alifunga mawili, la tatu akampa mwenzake alifunge. Mimi nilimaliza mchezo huo nikiruka na kupiga kelele kuliko wote. Jioni ile ile yule bwana wa Bukavu akaandika jina lake. Akaenda Bukavu, kisha Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwisho Ulaya, akalipwa mshahara kwa kazi ya miguu yake. Siku nilipomsikia redioni nilikuwa mwalimu tayari. Nilisimamisha somo la hesabu, nikawaambia wanafunzi: huyo alivaa jezi yangu.

Miaka ikapita, akaja Kingi kutusalimu, amevaa suti na viatu vya kung'aa. Watoto wakamwomba acheze nao kidogo. Mpira ukamponyoka, ukashuka bondeni. Vijana wakakimbia kuufuata, yeye akawazuia.

"Hapana. Njo mimi niliupiga."

Akakunja suruali, akashuka mpaka mtoni, akarudi na tope hadi magotini, anahema na kucheka. Mama yangu, mzee sana wakati huo, akampigia vigelegele.

Basi, mwanangu, wewe unayeanza sekondari mwaka huu, usipaonee haya mahali palipokufundisha. Mwenzako akikushinda, mpishe mapema, usingoje mama yako aingie uwanjani. Kumvulia Shamavu jezi ndilo jambo ninalojivunia kuliko mabao yangu yote. Nawe ukija kuwa mkubwa, mpira wako ukitoroka, ushukie mwenyewe.

Mungu akupe miguu yenye nguvu, na popote utakaposhuka, akupe pumzi ya kupanda tena hadi nyumbani.