Nyani wa Kwetu na Kombeo la Mume Wangu

Miaka ya thelathini, nilipokuwa mke mpya karibu na Matiliku, nilikuwa na shamba la mtama na maneno mengi. Maneno ninayo hadi leo.

Mwaka uliotangulia nzige walituachia mabua, kwa hiyo mtama ule ndio uliokuwa chakula chetu chote. Nyani nao walipata habari zake. Waliteremka kilimani asubuhi, wakiongozwa na jike mmoja mzee mwenye upara mgongoni, wakaketi shambani na kuvunja masuke kama wageni walioalikwa.

Mume wangu alishika kombeo. Mimi nikashika mkono wake.

Katika ukoo wetu nyani ni ndugu, hapigwi. Nilizaliwa nikakuta hivyo. Ukoo wa mume wangu haukuwa na mambo hayo. Kwake nyani alikuwa mwizi tu.

"Ni kiumbe," nikamwambia. "Ana njaa kama wewe."

"Ana njaa kama mimi, lakini hakulima kama mimi."

Nilipoona ananishinda, nikaleta nthoni, mwiko wa wakwe. Kwetu Ukambani mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Wakikutana njiani, mmoja hujificha kichakani mpaka mwenzake apite. Nikamwuliza, "Kama nyani ni watu wa kwetu, yule mama mzee ni nani kwako?"

Maskini, alikuwa mtu wa adabu sana, na ndiyo sababu nilimpenda. Yule jike alipogeuka kumtazama, mume wangu alilitupa kombeo chini, akajifunika shuka usoni, akarukia kichaka cha miiba. Nilicheka mpaka nikaketi chini.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Nyani wanakuja, mume wangu anaingia kichakani, na ubishi unaendelea kutoka humo humo. "Mwambie mama asiguse upande wa mbegu!" Nami nilimwambia. Mama aligusa upande wa mbegu.

Kufikia siku ya nne nusu ya shamba ilikuwa mabua matupu, na kicheko kilikuwa kimeniisha. Niliogopa njaa. Lakini ningesema nini? Mimi ndiye niliyeshinda ubishi, na kurudi nyuma niliona haya.

Siku ya tano mume wangu alitoka kichakani amekwaruzwa mpaka masikio. "Mkwe gani huyu," akasema, "anakula kwangu kila siku na hajawahi kuleta hata kibuyu cha uji?"

Papo hapo mtama ukatikisika upande wa juu. Akanitazama. Mimi nikatazama kando, na hicho ndicho kilichokuwa kibali changu. Bonge la udongo likaruka kutoka kombeoni.

"Uui, mgongo wangu!" mtama ukasema.

Alikuwa mama yangu mzazi. Alikuwa ametembea siku mbili kutoka ng'ambo ya mto Athi kuja kutuona, akapitia shambani kwa bintiye kuvunja suke la kutafuna.

Mume wangu alikuwa kichakani kabla sijageuka. Mimi nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Kumpiga mama mkwe! Mama angeweza kunirudisha nyumbani siku ile ile, na hakuna ambaye angemlaumu. Nikalia, nikamweleza yote: ukoo, nthoni, kichaka, yule jike.

Mama alijipangusa udongo polepole. "Ulimwambia huyo nyani ni mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Tunafanana?"

"Kidogo. Ukikasirika."

Akayatazama mabua yangu matupu. Wakati huo huo nyani wakaanza kuteremka, yule mzee mbele. Mama akainama, akaokota kombeo lililoachwa chini. Kwa kuwa hakuruhusiwa kusema na mkwewe, akasema nami.

"Mwambie huyo aliye kichakani: kama mimi na hawa ni ukoo mmoja, basi mimi nimeshapata langu. Sasa na wao wapate lao."

Akarusha. Bonge likapita juu ya nyani wote, likaangukia njiani.

Kichaka kikakohoa kwa heshima. "Mwambie mama," kikasema, "alenge chini kidogo."

Nikamwambia. Kisha na mimi nikaokota udongo.