Bwana Kifungu na Orodha ya Waliozaliwa Ng'ambo

Lukumani, karani wa ajira katika kinu cha pamba nje kidogo ya mji wa Arua, aliipenda sheria kwa moyo wake wote, na sheria haikuwahi hata kumjua jina. Wengine walipenda pombe, wengine wake za watu. Yeye alipenda vifungu.

Kila mwezi basi la Kampala lilimletea bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na kurasa nne zilizodurufiwa kwa wino hafifu, zenye kichwa Taarifa kwa Makarani wa Ajira. Chama kimoja cha waajiri ndicho kilichozitoa, ili makarani wa wilayani wajue sheria gani mpya imetoka, ipi imebadilishwa, likizo ni siku ngapi, na mtu akikatwa kidole na mashine ijazwe fomu gani. Makarani wenzake walizifungia samaki wakavu. Lukumani alizitoboa pembeni, akazishona kwa uzi wa magunia, akaziweka kwenye sanduku la bati chini ya meza.

Na hakuzisoma peke yake. Kila Jumatatu asubuhi, kabla injini haijawashwa, alipanda juu ya mzani wa pamba akawatafsiria wafanyakazi. Walikuwapo Walugbara wa Ayivu na Logiri, Wakakwa wa Koboko na Wanubi wa mjini, na kilichowakutanisha ni Kiswahili cha kambini na sokoni. "Kifungu inasema hivi," alianza daima, kidole juu. Ndipo wakambandika jina la Bwana Kifungu.

Walimtania, lakini walimwamini. Mwaka 1973, baada ya Wahindi wenye kinu kufukuzwa na kinu kupewa meneja mpya aliyekuwa dereva wa lori, mfagiaji mmoja aitwaye Hajara aliachishwa kazi kwa sababu tumbo lilianza kuonekana. Lukumani aliingia kwa meneja na Taarifa mkononi, akasoma kifungu mara mbili, polepole. Meneja alisonya, lakini Hajara alirudi kwenye ufagio wake. Tangu siku hiyo Lukumani alitembea kifua mbele, na hapo, tuseme ukweli, ndipo ubaya ulipoanzia. Mtu akishaokoa mmoja kwa karatasi, hudhani karatasi ni mali yake.

Katika kinu kile alikuwapo pia Jale, fundi wa injini. Mama yake na mama yake Lukumani walikuwa dada wa tumbo moja, kwao Aba, upande wa Zaire, na wote wawili waliolewa na wanaume wa Koboko. Kwa desturi ya kwao, mwanamke hujifungulia mimba ya kwanza nyumbani kwa mama yake, akakandwe na kulishwa, kisha humrudisha mtoto kwa baba shingo yake ikiwa imekaza. Dada hao walibeba mimba zao za kwanza mwaka mmoja. Jale na Lukumani wakazaliwa Aba, katika nyumba moja, wakipishana wiki mbili, wakarudishwa Koboko kwa baba zao wakiwa hata meno hawana.

Nusu ya Wakakwa waliokuwa watoto wa kwanza walizaliwa hivyo, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba ni jambo la kuulizwa. Mpaka ulikuwa kijito tu. Kinamama walivuka wakiwa na matumbo, wakavuka tena wakiwa na vichanga, na aliyewasalimia alisema tu hongera.

Halafu ikaja Taarifa ya Aprili 1975. Ukurasa wa kwanza uliagiza kwamba kila kinu, ghala na karakana ipeleke serikalini orodha ya wafanyakazi wote waliozaliwa nje ya Uganda, kabla ya mwisho wa Mei, ili watazamwe upya kama wana haki ya kushika kazi. Makarani wengine wa Arua waliisoma wakaiweka kando, wangoje kwanza waone upepo unavumia wapi. Lukumani hakungoja hata chai yake ipoe. Alichora mistari kwenye daftari, akapanga meza nje ya ofisi, akaanza kuita mmoja mmoja.

"Ulizaliwa wapi?"

Ilipofika zamu ya Jale, Jale alicheka. Mikono yake ilikuwa na grisi hadi kwenye viwiko.

"Wewe nauliza mimi hiyo? Andika Koboko."

"Kifungu inataka mahali pa kuzaliwa, ndugu. Haitaki mahali pa kukua."

"Lukumani, nani atakuja kupima? Andika Koboko tu. Mimi iko na watoto tano katika nyumba ya kampuni. Kama kazi inakwisha, nyumba inakwisha."

"Kazi haiwezi kukwisha. Wewe ni mutu ya hapa, wataona wenyewe. Lakini karani haandiki uongo."

Jale akajifuta mikono kwa pamba chafu. "Haya. Andika vile unataka," akasema, na kurudi kwenye injini.

Lukumani akaandika: Aba, Zaire. Aliandika vizuri, kwa herufi zilizolala upande mmoja. Jioni alikuwa na majina kumi na moja, karibu wote watoto wa kwanza wa mama zao.

Ikabaki kadi moja, yake mwenyewe. Hapo kalamu ilisita. Hebu mfikirie mtu huyu, Bwana Kifungu mzima, amekaa peke yake ofisini, anatazama nafasi tupu mbele ya maneno mahali pa kuzaliwa. Alijiambia kwamba sheria inawahusu wafanyakazi wa mikono. Alijiambia kwamba orodha ikibeba jina la aliyeiandika haitaaminiwa. Alijiambia mengi, yote yakiwa na sura ya kifungu. Mwisho akaandika Koboko, akafunga daftari, akaenda kuswali. Uongo ule ule alioukataa kwa ndugu yake, alijipa mwenyewe bure.

Orodha yake ilikuwa ya kwanza kufika katika wilaya nzima. Alipata barua ya pongezi, mistari mitatu na mhuri, akaibandika ukutani.

Lori la askari lilikuja Jumatano ya wiki ya pili ya Mei, saa nne asubuhi, pamba ikiwa katikati ya mashine. Majina yalisomwa kutoka kwenye karatasi ile ile, kwa mpangilio ule ule aliouandika. Hakuna kilichotazamwa upya. Wote kumi na moja walipewa muda wa kuchukua nguo na watoto. Mkewe Jale, Mariam Poni, alipita mbele ya dirisha la ofisi akiwa na godoro kichwani, akasimama.

"Shemeji, toka basi," alisema. "Kuja uambie hawa watu sisi ni nani."

Lukumani alitoka. Alifika hadi ngazi ya mwisho. Askari mmoja alikuwa karibu na lori anaongea na Jale, akimwelekezea kidole kwenye kinu, na Jale akitikisa kichwa. Lukumani hakusikia walichosema. Kifungu hata kimoja hakikumjia, akabaki pale ngazini. Lori likaondoka kuelekea barabara ya Koboko na mpaka. Injini ilisimama siku tatu, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kuiwasha.

Taarifa ya Mei ilichelewa, ikafika katikati ya Juni. Chini kabisa ya ukurasa wa nne, baada ya habari za sare za walinzi, palikuwa na mistari mitano yenye kichwa Masahihisho. Mfanyakazi aliyezaliwa nje ya nchi lakini baba yake ni Mganda hakupaswa kuorodheshwa. Ambaye jina lake lilipelekwa kwa makosa atarudishwa kazini, mradi karani aliyeiandika orodha apeleke barua ya kulifuta, kwa sahihi yake mwenyewe, ndani ya siku thelathini tangu kuipokea Taarifa.

Mistari mitano. Watu kumi na mmoja na familia zao walikuwa wametupwa ng'ambo, na chama kilijirekebisha kama mtu aliyekosea tarehe ya harusi. Lukumani alilia pale mezani, machozi ya hasira na ya furaha pamoja, kwa sababu njia ilikuwapo. Aliandika barua, majina yote kumi na moja, akampelekea meneja aione.

Meneja hata hakuisoma yote. "Hiyo nafasi iko na watu sasa," alisema. Na ni kweli, zilikuwa na wapwa zake, na mmoja wao alikuwa ameshaunguza mkanda wa injini. Kisha akamtazama Lukumani usoni. "Wewe na Jale, mama zenu si ni dada? Mtu akianza kuchimbua mambo ya kuzaliwa, anaweza kuchimbua hata kaburi yake. Umenisikia?"

"Nimesikia, bwana."

Barua haikuhitaji sahihi ya meneja. Masahihisho yalisema wazi: karani, kwa sahihi yake mwenyewe. Ofisi ya posta ilikuwa mwendo wa dakika kumi. Lukumani aliitia barua ndani ya bahasha, bahasha mfukoni mwa shati, akaenda nayo nyumbani, akarudi nayo kesho yake, na hivyo hivyo siku zikaenda hadi jasho likailainisha mikunjo. Kila siku alijiahidi kesho, akihesabu siku zilizobaki za zile thelathini kama mgonjwa anayehesabu vidonge.

Siku ya ishirini na sita aliomba ruhusa, akapanda lori la wafanyabiashara hadi Koboko, ambako alisikia Jale huonekana. Alijidanganya kwamba ni lazima Jale ajulishwe kwanza. Alimkuta sokoni, akibeba magunia ya kahawa yaliyotoka Zaire, amekonda, bega moja limechubuka. Aba walikuwa wamemwita mgeni kutoka Uganda na kumtaka kibali, kwa hiyo alilala upande mmoja na kutafuta riziki upande mwingine, akiwakwepa askari wa pande zote mbili.

Lukumani alimsomea mistari mitano, akimtafsiria neno kwa neno, kidole juu kwa mazoea. Jale alisikiliza bila kutua gunia. Uso wake ulianza kufunguka.

"Kwa hiyo mimi narudi?"

"Kifungu inasema ndiyo."

"Mungu mkubwa. Na hiyo barua, umetuma lini?"

Soko lilikuwa na kelele, lakini Lukumani hakuweza kujificha ndani yake. Jale aliiona bahasha ndani ya mfuko wa shati. Akaitazama, akamtazama mwenye shati, na uso ule ukajifunga tena.

"Bado siku nne," Lukumani alisema. "Ndugu yangu, wakianza kuuliza, watafika kwangu. Mimi pia..."

"Najua wewe ulizaliwa wapi. Mimi si nilikuwa ndani ya nyumba ile?" Jale alilisogeza gunia juu ya bega zima. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali kama angepaza. "Siku ya lori, yule askari aliniuliza kama iko mwingine wa Aba amebaki kwa kinu. Alisema nikitaja mmoja, ananishusha mimi na watoto. Nilisema hakuna."

Lukumani aliiwekea mkono bahasha juu ya mfuko.

"Pisha njia," Jale akasema. "Gunia ni nzito."

Lukumani akapisha.