Kigelegele cha Bi Somoe

Bi Somoe wa Mtoni alikuwa na kigelegele kilichojulikana kuanzia Tandika hadi Mbagala. Alikianza chini, taratibu, kisha ulimi ukapiga mbio kinywani, na sauti ikapaa juu ya mabati ikabaki huko kitambo, kama vile haitaki kushuka. Meno yalipomtoka, moja baada ya jingine, kigelegele hakikupungua. Alikaa kibogoyo miaka minane, akila ugali laini na samaki wa kuchambuliwa, ameridhika.

Asiyeridhika alikuwa mwanawe, Anwar. Mwaka tisini na nne, binti yake Mwanaheri alipochumbiwa, alimpeleka mama yake kwenye zahanati ya mtu binafsi iliyofunguliwa Temeke, akatengenezewe meno ya bandia, juu na chini.

"Picha za harusi zinakaa miaka, mama," alimwambia.

Siku aliyovishwa, Bi Somoe alijitazama kiooni akamwona mwanamke aliyemjua zamani. Akacheka. Lakini njiani mate yalimjaa kinywani, na alipotaka kuyameza, ulimi ulipanda kutafuta kaakaa, ukakuta kitu kitelezi kisicho na habari naye. Nyumbani chai haikumwambia kama ni ya moto mpaka ilipofika kooni. Akapaliwa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

Adhuhuri zile alijilaza mkekani barazani, joto likimbembeleza, akawa nusu yupo, nusu hayupo. Akaota ulimi wake unatembea gizani katika nyumba ya kupanga, unapapasa kuta, unauliza mlango uko wapi. Alipoamka alikuwa bado anapapasa.

Siku moja alijaribu kigelegele jikoni. Meno ya chini yaliruka yakagonga ya juu, sauti ikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Akayavua, akayatia kwenye bakuli la maji, akarudi nayo zahanati.

"Daktari mwanangu, umeniibia ulimi."

"Shikamoo, mama." Daktari Kamugisha, kijana wa Bukoba, hakucheka. Alimrudishia meno kinywani, akamulika kwa muda mrefu. "Meno yamekaa vizuri. Ila kwa miaka minane ulimi wako haukuwa na uzio, ukatanuka. Sasa umewekewa uzio, unausukuma."

"Na kumeza je?"

"Mtu akimeza, ulimi huegemea juu. Huko juu kumefunikwa, hausikii kitu. Anza na maji, funda moja moja. Kutanisha meno polepole, kisha meza. Halafu hesabu kwa sauti kila siku, ulimi uzoee."

"Na kigelegele?"

Kamugisha alizima taa yake. "Hicho hatukufundishwa chuoni, mama. Ninachojua, meno ya chini yanatulia ulimi ukiyalalia. Ukiurusha juu, nayo yanapanda."

Kila asubuhi Bi Somoe alikaa uani na kikombe cha maji. Funda moja, akameza. Akahesabu: sitini na sita, sitini na saba. Maneno yalitoka yamevimba, kama ya mtu anayesema usingizini. Wiki zikapita, yakanyooka. Ndipo akajaribu tena kigelegele, ncha ya ulimi akiiweka chini, akiipeleka kulia na kushoto tu. Kikatoka hafifu, kizito, hakipai.

"Jamani, mna mgeni?" Chausiku, jirani yake, aliuliza kutoka upande wa pili wa ua wa makuti.

"Ni mie."

"Wewe? Haya."

Bi Somoe aliweka kikombe chini. Alikaa pale mpaka kivuli kikamfikia miguuni. Hata hivyo, kesho yake alijaribu tena.

Siku ya harusi, Mwanaheri alipotolewa nje, wanawake wote walimgeukia bibi yake. Akalaza ulimi, akafumba macho. Sauti ilikuja chini chini, kwa mawimbi, kama inatoka nyumba ya tatu. Watu wakanyamaza ili waisikie. Kisha wote wakaidaka, ikawa kubwa, na Mwanaheri akalia ndani ya shela.

"Umekitoa wapi hicho?" Chausiku alinong'ona.

"Hata sijui."

Pilau ikaletwa. Wakakaa mkekani, wakasemezana juu ya dhahabu za bibi harusi na upande wa mume, nani kanenepa, nani kafanana na nani. Bi Somoe alipotazama sahani yake, nusu ilikuwa imekwisha, na hakukumbuka hata tonge moja lilivyopita kooni.