Sauti yangu ya chumba cha mwari inapigwa redioni, na aliyeitoa ni mwanangu

Admin, nifichie jina, ingawa akina mama wa mtaa wetu wa Sparkhill watanijua tu, maana sauti ndiyo iliyoniponza.

Nina miaka arobaini na tisa, mzaliwa wa Unguja, mjane, nina binti mmoja. Hapa Birmingham nafanya usafi maofisini, lakini wenzangu wananijua kwa kazi nyingine: mimi ni kungwi. Binti akikaribia kuolewa naingia naye chumbani pamoja na wanawake wachache, namsinga, namfunda, namwimbia nyimbo ambazo hata marehemu mume wangu hakuwahi kuzisikia. Simu zote zinaachwa kwenye kapu mlangoni. Yanayosemwa mle hayatoki. Asiyeweza kufunga mdomo asijiite kungwi.

Binti yangu, nimwite Zuhura, alikwenda kusoma Cardiff, huko Wales. Huko akaunda bendi ya roki na vijana watatu wa kizungu, yeye anapiga gitaa la besi. Jamani, niligomba mpaka sauti ikanikauka! Baadaye nikalainika, kwa sababu wale watoto wana adabu. Wakija kwangu wanavua viatu, wanaomba pilau waongezwe, na wanaimba Kiwelshi, lugha ya bibi zao, bila kuona haya. Walikuwa wanapiga kwenye vibaa vya watu wachache, wanalala ndani ya gari na vyombo vyao. Mwaka huu wimbo wao mmoja ukalipuka. Redio zinaupiga, matamasha yanawaita, kampuni imewachukua watoe albamu. Nilijivuna, nisiseme uongo. Ila wimbo wenyewe nilikuwa sijausikia, kila nikiuliza Zuhura ananiambia, "Later, Mama."

Siku hiyo niko Stratford Road nachagua vitambaa, redio ya dukani ikaanza. Makofi na mlio wa kigoma. Kisha mwanamke anaimba. Lahaula, ni mimi! Mimi yule yule wa chumbani, namfunda mwari, na mwari anacheka, anauliza lile swali lake la aibu, wanawake wanampigia vigelegele. Halafu magitaa yakaingia, kelele tupu. Muuza duka anatikisa kichwa, ananiambia, "Nice song, auntie." Nikakaa juu ya majora ya watu.

Nilikumbuka mara moja. Siku ya yule mwari mpiga kigoma wangu aliumwa, Zuhura akashika nafasi yake. Simu yake sikuitia kapuni. Mwanangu mwenyewe, nimkague?

Nikampigia palepale. Akasema, "Mama, hakuna anayeelewa maneno, watu wanapenda sauti tu."

"Na Wazanzibari nao hawaelewi?"

Akakata simu.

Sasa sikilizeni kwa nini silali. Yule mwari, nimwite Mwanaidi, hana mama. Mama yake alifariki yeye mdogo, mimi ndiye niliyesimama mahali pake siku ile. Shemeji zake wameusikia wimbo, wameitambua sauti yake. Akipita sebuleni wanaimba lile swali lake huku wanachekana. Mama mkwe hamtazami usoni. Mumewe anamwambia ameudhalilisha ukoo mzima. Alikuja kwangu akakaa kitandani, hakuvua hata koti.

"Somo," akaniambia, maana ndivyo mwari anavyomwita kungwi wake, "wewe ndiye uliyeniambia humu ndani nicheke, niulize chochote, hakuna atakayejua. Mimi nilikuamini. Sitaki kitu kingine, waiondoe tu sauti yangu kwenye wimbo."

Nilikosa pa kuuweka uso. Nikamwahidi nitazungumza nao.

Jumapili yule kijana mwimbaji wa bendi akaja na Zuhura, ameniletea maua. Akanishika mikono miwili. Akasema zamani watoto wa kwao walikuwa wakiadhibiwa shuleni kwa kusema Kiwelshi, lugha ikakaribia kufa, ndiyo maana sauti yangu ilimliza. "Asante sana kwa kuturuhusu," akasema. "Bila ruhusa yako tusingethubutu."

Ruhusa! Ruhusa gani? Nikamtazama Zuhura nyuma yake, amekutanisha viganja, ananiomba kwa macho. Nikasema, "Karibuni chakula." Wallahi, hilo tu ndilo lililotoka.

Jikoni akanililia. Aliwaambia wenzake na kampuni kwamba mimi nimekubali na wanawake wote wamekubali. "Mum, please. Wakijua nimewadanganya watanitoa kwenye bendi. Na ule wimbo ndio unaotubeba, ukiondolewa kampuni itatuacha sote. Wenzangu wameacha chuo kwa ajili ya hii."

"Na Mwanaidi je?"

"Watu watasahau, Mama."

Watasahau! Mtoto nimezaa mwenyewe, nimemlea mwenyewe, na hajui mji huu wetu ulivyo.

Albamu inatoka wiki ijayo, na ikishatoka hairudi. Yule kijana ananitumia ujumbe, ananiomba Ijumaa nipande nao jukwaani hapa Birmingham niimbe. Sijamjibu. Ana moyo mzuri, najua nikimwambia ukweli atausimamisha ule wimbo saa hiyohiyo. Na Zuhura nitakuwa nimemmaliza kwa mdomo wangu mwenyewe. Tangu Jumapili yuko kwangu, hali chakula, amedhoofika, usiku namsikia analia chumbani. Nina hasira naye, na bado nikimwona hivyo nataka kumkumbatia.

Jana Mwanaidi amerudishwa kwa baba yake na begi lake. Amenipigia, hakunilaumu. Ameniuliza tu, "Somo, umeshawaambia?"

Nikamjibu, bado.

Wenzangu, msinitukanie mwanangu, nipeni akili tu. Mmoja nimemzaa, mwingine alinipa umama kwa sababu wa kwake hayupo. Nimtose yupi?