Hadithi Niliyomsomea Niliyemshuku

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua pale Kifanya, nilipokuta mbeta za baba mkubwa ziko nusu. Mbeta ni vile vikombe vya mwanzi tunavyofunga kwenye chipukizi lililokatwa, ulanzi, ile pombe ya mwanzi, udondokee humo usiku kucha. Zilipaswa kujaa. Kuna mtu alikuwa amenitangulia.

Mwanangu, umeniuliza hadithi inaanza kuandikwaje. Sina hakika kama mimi ndiye wa kuulizwa. Niliishia darasa la saba, na ninayoandika kila jioni ni mambo ya nyumbani tu. Lakini hili lilinipata mwenyewe, kwa hiyo nitalisema.

Siku hizo nilikuwa nimetoka kwenye semina ya vijana Makambako. Mwalimu alitufundisha kwamba hadithi inataka mtu mwema, mtu mbaya, na jambo wanalogombania. Hakukosea. Ila mimi nilirudi natafuta mtu mbaya, nikampata upesi: Baba Tumaini, jirani ambaye mianzi yake imepakana na yetu. Alikuwa akichechemea, akivaa gambuti za bluu, na kila nikimwambia "Kamwene" aliitikia akitazama pembeni. Nikaandika hadithi ya mwizi wa ulanzi, nikiisimulia kama mtu anayejua mpaka yaliyo moyoni mwa mwizi. Jina nililibadilisha. Jumapili ningeisoma mbele ya watu, baada ya ibada.

Kwanza nilimsomea shangazi, akiwa anamenya viazi.

"Ulimwona akinywa?" akaniuliza.

"Gambuti zake zilikuwa na tope, shangazi."

"Mvua hii? Hata za mchungaji zina tope!" Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Jina umebadilisha, mguu umeuacha. Ukisoma hii, kanisa zima litageuka kumtazama mkewe pale kwenye kwaya. Kamsomee mwenyewe. Ukishindwa kumsomea yeye, usitusomee sisi."

Nikaenda. Baba Tumaini alinisikiliza mpaka mwisho, amesimama kati ya mianzi yake na kisu cha kugemea mkononi.

"Buti umeziandika vizuri," alisema. "Sasa wa kwenu nikaunywe wa nini, na wangu huu hapa?" Akanionyesha mbeta zake. Nazo zilikuwa nusu. "Mimi nilijua ni wewe, kijana. Kwa nini unadhani salamu yako naitikia nusunusu?"

Nisikufiche, aliposema hivyo nilimshuku zaidi. Mtu anaweza kumwaga ulanzi wake ili asionekane mwizi. Kisha nikaona kwamba hata yeye angeweza kusema hivyohivyo juu yangu. Tukabaki tunatazamana, hakuna aliyetaka kumpa mwenzake mgongo.

Jumapili nilisoma hadithi nyingine. Safari hii nilisimulia kwa "mimi", mtu aliyesimama kwenye ukungu asiyeona mbali: majirani wawili wanaviziana, na mbeta zinazidi kupungua. Mwizi sikumweka, maana sikumjua. Mpaka leo simjui. Watu walicheka, kisha wakaanza kutazamana wao kwa wao.

Mama Tumaini akasimama. "Kwa hiyo ni nani?"

"Sijui, mama."

"Haya, hapo umesema kweli," akasema, akaketi.

Mwanangu, mengine ya uandishi watakufundisha waliosoma, na pengine watanisahihisha hata haya. Lakini mtu uliyemfanya mbaya kwenye hadithi yako, mpe nafasi ya kukutazama na yeye. Tope liandike kama tope, usiliite wizi. Unachokishuku kiandike kiwe shaka yako wewe, usimvike mwingine kama hukumu. Na hadithi ikikunyookea upesi mno, ishuku hiyo kwanza. Kabla hujawasomea wengi, msomee yule mmoja atakayeumia.

Mungu akupe macho ya kuona na mkono usio na pupa, na wale utakaowaandika wakufungulie mlango hata baada ya kukusoma.