Mkeka Wangu kwenye Mvua ya Uskoti

Nilikuwa nimekaa juu ya mkeka kando ya mto, nimerowa chapachapa, dele la kahawa mkononi, na polisi wawili wa Kizungu wamechutama mbele yangu wananitazama kama mtoto aliyepotea sokoni. Aibu ile naikiri mwenyewe, maana hapa Maskati mshaisimulia vya kutosha.

Nilikwenda Uskoti kumlea binti yangu Raya, kajifungua, mumewe Nassor anasoma huko kwenye kimji kidogo. Mwezi mzima wa rabii, majira yao ya maua, na hali ya hewa haina adabu: asubuhi jua, adhuhuri barafu inadondoka kama kokoto, alasiri upepo unakuvua buibui. Nikawa ndani tu, napika uji na kumkanda mzazi. Dada yangu Zuwena (alikaa Uingereza, basi kila kitu anakijua yeye) akanipigia simu, "We Salma, umekwenda huko kujifungia? Mvua ya rabii ikinya wenzio hutoka wakafurahi, kama sisi tu."

Mie nikaamini. Kwetu Mabela, hapa Maskati, tone moja likidondoka watu hawakai ndani, gari zinajaa watoto na mikeka, tunakwenda kutazama wadi, lile bonde kavu, likishuka maji huku tunakunywa kahawa. Basi manyunyu yalipoanza, mtoto kalala, nikabeba mkeka, dele, halwa na vikombe vya wageni (vingi, mjinga mie), nikenda mtoni kuwasubiri wenyeji waje tufurahi.

Hakuja mtu. Kapita bibi mmoja na mbwa wake, kaniuliza sijui nini, na mie shule niliiacha mapema, Kiingereza changu ni "yesi" tu. Kila alichouliza nikamjibu yesi, nikamtilia na kahawa. Kumbe (Raya ndiye aliyekuja kunifasiria) alikuwa akiuliza kama nimepotea, kama naumwa, kama nimefukuzwa nyumbani. Ndiyo akawaita polisi.

Wakanirudisha na gari yao, wamenifunika blanketi, mtaa mzima madirishani, na Nassor mlangoni badala ya kunipokea anacheka na kunirikodi kwa simu. Sijabadilisha nguo, video yangu ishafika kwenye kundi la familia simuni. Nilipotua Maskati, binamu yangu anayeuza vitambaa soko la Matrah akanambia, "Dada Salma, leo pana mawingu, mkeka uko wapi?"

Nikacheka naye, ningefanyaje. Lakini sasa Raya ana mimba ya pili, na Nassor anasema safari hii atakwenda mama yake, mie nitawashtua majirani. Zuwena naye anajifanya simu ile haikumbuki. Mkeka niliutandika mie, sikatai. Ila Zuwena, sema mbele ya watu ulinambia nini. Na wewe Nassor, uliyesimama mlangoni ukacheka, njoo unijibu: nani aliyemkanda mkeo mwezi mzima wewe umelala, na kwa haki gani unaninyima mjukuu wangu?